Siku Niliyokuwa Swali la Mtihani

Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote ya kazi. Nimesimamia pia ile ya darasa la saba, ya kupelekwa shule usiyoijua, askari mlangoni, bahasha haifunguliwi mpaka saa yake ifike. Kwa hiyo mwaka 2011, daktari wa kliniki aliponiomba nishiriki mtihani wa madaktari wanaosomea ubingwa wa upasuaji, sikushtuka. Nilimuuliza tu nitakaa wapi. Akacheka. “Utalala kitandani, mama. Wewe ndiye swali.”

Swali lenyewe lilikuwa shingoni. Mimi ni mtu wa Njombe, nimekulia kule miaka ambayo rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, halikumshangaza mtu. Bibi alikuwa nalo, mama mkubwa alikuwa nalo, hata mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Nyanda za juu zile udongo wake una upungufu wa madini joto, na chumvi tuliyokula haikuwa nayo. Mambo ya kulazimisha yatiwe kwenye chumvi yalikuja katikati ya miaka ya 1990, mimi nimeshaolewa, niko Mbagala, Dar es Salaam, na langu limeshaanza kuchungulia. Nikalifunika kwa mtandio, maisha yakaendelea. Lilipoanza kunibana pumzi nikilala chali ndipo nilipokwenda hospitali, mojawapo ya zile kubwa za jijini, nikaandikwa kwenye foleni ya upasuaji.

Siku ya mtihani tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Kutoka Mbagala hiyo maana yake ni kugombania daladala gizani. Nilifika mtandio umelowa jasho, nikakuta wenzangu wameshaketi kwenye benchi wanakunywa chai ya maziwa na chapati kwa gharama ya wenye mtihani. Kulikuwa na mama mwenye uvimbe wa titi, hakusema na mtu. Kulikuwa na kijana mwenye mishipa iliyojaa mguuni. Na kulikuwa na mzee wa Kigogo mwenye ngiri, mzoefu, aliyekwisha kutumika kwenye mitihani ya nyuma na ambaye, kwa maoni yangu, alikuwa ameahirisha upasuaji wake kwa sababu aliipenda ile heshima. Alitupa somo. “Mtu wa ngiri lazima akukohozeshe. Ukiona amesahau, kohoa mwenyewe, usimwache mtoto wa watu afeli.”

Sista aliyeshika orodha alimsikia, akamkemea. Masharti yalikuwa wazi: ukiulizwa jibu ukweli, lakini usitaje jina la ugonjwa wala usimwonyeshe mtu faili. Sista huyo ndiye aliyenieleza wale ni akina nani. Nilidhani ni wanafunzi wa chuo. Kumbe ni madaktari kamili: miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka wa mafunzo kwa vitendo, wengine wameshafanya kazi mikoani na kupasua watu usiku bila bingwa wa kumuuliza, ndipo wamerudi kusoma shahada ya uzamili ya upasuaji, miaka mitatu au minne, pamoja na tasnifu. Akaniambia pia kuna njia nyingine, ya chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hicho hakina madarasa; mtu anafundishwa kwenye hospitali anayofanyia kazi, kisha anatahiniwa kwa ngazi mbili, uanachama kwanza na ubingwa baadaye. Njia yoyote utakayoshika, karatasi haitoshi. Lazima ufike mahali ukae na mgonjwa, halafu watahini wakugeukie.

Mimi nilipangwa kesi ndefu. Yaani mtahiniwa anaachwa na wewe karibu saa nzima, nyuma ya pazia, anakuhoji na kukupima. Kisha watahini wanaingia na yeye anawaeleza.

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, tai imekaza, koti jeupe jipya. “Shikamoo mama.” Marahaba. Akaanza. Uvimbe ulianza lini, unauma, unakua haraka? Chakula kinapita? Ukilala unapumuaje? Moyo unakwenda mbio? Unasikia joto wenzako wakiwa na baridi? Umepungua? Kwenu nani mwingine analo? Kabila gani, umekulia wapi, chumvi gani mlikula? Maswali yalitoka kwa mpangilio mzuri mno, nikamjua mara moja: ni yule mtoto wa dawati la mbele ambaye daftari lake unaweza kulitumia kufundishia. Akanipima mikono kama inatetemeka, akatazama macho, akasimama nyuma yangu na kunishika shingo kwa ncha za vidole huku nikimeza maji. Tezi ile imeshikamana na koo, kwa hiyo ukimeza inapanda nalo. Uvimbe mwingine wa shingoni mara nyingi unabaki palepale. Akamaliza mapema. Akatazama saa, akaniinamia. “Mama, pale kliniki walikwambia una nini?”

“Nimekatazwa kusema.”

Akatabasamu, hakukasirika. Nikampenda kwa hilo.

Watahini waliingia wawili: profesa wetu, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, na mtahini wa nje, mgeni kutoka Uganda, ambaye Kiswahili hakikumkaa. Mazungumzo yakawa ya Kiingereza. Hakuna aliyefikiri kuniuliza kama nakielewa. Nilikuwa nimevaa khanga, kwa sababu tuliambiwa tuje na nguo isiyobana shingo, na nadhani khanga ile ilinijibia maswali mengi siku hiyo. Mimi nafundisha Kiingereza na maarifa ya jamii darasa la tano. Nikafumba macho nikasikiliza.

Nilisikia nikisomwa. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mama wa nyumbani, mkazi wa Mbagala, amekuja na uvimbe wa mbele ya shingo. Hapo kwenye mama wa nyumbani nilifumbua macho. Hakuwa ameniuliza. Lakini swali la mtihani halinyoshi mkono.

Mgeni akamuuliza upasuaji wa tezi hii una hatari gani. Kijana akatiririka. Damu kuvuja usiku ule na kuziba pumzi. Vitezi vidogo vinne vya nyuma, vinavyotunza kalisi, yaani kalsiamu, mwilini, vikiguswa mgonjwa anaanza kuhisi ganzi mdomoni na vidoleni. Kisha neva za sauti, moja kulia, moja kushoto, zinazopanda katikati ya koo la hewa na umio. Ukiikata moja sauti inakwaruza au inapotea nguvu, ukizikata zote mbili mgonjwa anaweza kushindwa kupumua. Akataja mshipa wa damu ulio karibu nazo na namna ya kuzitafuta kabla ya kukata chochote. Mgeni alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Na mimi pale kitandani ndiyo nasikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kwenye foleni ya kukatwa shingo, nimehudhuria kliniki kwa miezi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba naweza kutoka bila sauti. Nikameza mate bila kuambiwa nimeze.

Profesa ndipo alipouliza, taratibu. Je, hatari hiyo ina uzito sawa kwa kila mgonjwa? Kijana akasema hapana, mwimbaji kwa mfano, au mhubiri. Vizuri. Na huyu? Huyu ni mama wa nyumbani, akasema. Profesa akanigeukia, kwa Kiswahili. “Samahani mama. Unafanya kazi gani?”

“Mimi ni mwalimu, profesa. Shule ya msingi. Darasa langu lina watoto tisini na kitu.”

Kijana alinitazama, akatazama karatasi zake. Mgeni aliuliza nimesema nini, akatafsiriwa, akaandika. Hawakumsulubu, waliendelea na maswali mengine na mengi aliyajibu vizuri. Mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa nikijaribu kufikiria darasa la tano B saa nane mchana, feni mbovu, malori ya barabara ya Kilwa, na mwalimu anayenong'ona.

Wa pili aliletwa baada ya mapumziko. Daktari wa kike, mfupi, mtandio wa kijani. Yeye alivuta kiti akakaa kabla ya kusema chochote, na swali lake la pili baada ya jina lilikuwa kazi. Hakuwa na ule mtiririko wa mwenzake. Alirudi nyuma mara kwa mara, alisahau, akaomba radhi, akauliza tena. Kama mwalimu ningemwandikia: ajipange. Lakini aliponishika shingo alianza kwa kusimama mbele yangu na kutazama tu, muda mrefu, kabla hajagusa.

Kisha akauliza kama nina swali lolote.

Nilikuwa nalo. Nikamuuliza kama ni kweli naweza kupoteza sauti. Alitazama saa ukutani, nami nikaitazama, maana ningemwelewa kabisa kama angesema tutaongea baadaye. Akakalia kile kiti tena. Akaniambia ni kweli inatokea, si kwa wengi, na mara nyingi inapotokea ni mkwaruzo wa wiki au miezi na sauti inarudi, ila wapo ambao hairudi. Kwamba kabla ya upasuaji ni haki yangu nyuzi za sauti ziangaliwe, ijulikane zilikuwaje. Kwamba tezi ikitolewa yote nitameza kidonge cha kushika kazi yake kila siku maisha yangu yote, na nisikiache hata nikijisikia mzima. Akanichorea koo kwenye kona ya karatasi yake ya mtihani, neva mbili kama mizizi.

Kengele ikalia akiwa hajamaliza kunipima. Watahini walipoingia, mgeni aliuliza kama mgonjwa akinyanyua mikono juu ya kichwa uso wake unajaa damu, kipimo cha kujua kama tezi imeshuka ndani ya kifua. Akajibu hajafika hapo, muda umekwisha. Hakusema ulikwenda wapi. Nilitaka kusema mimi. Nikakumbuka masharti, nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama nilifanya haki, maana mtahini anayesahihisha anatakiwa kuliona jibu, na lile jibu lilikuwa kwangu mimi.

Kuhusu kile kidonge nilikuja kusoma zaidi, maana mwalimu wa maarifa ya jamii hawezi kukutana na jambo la milima akalipita. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher wa mjini Bern, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Uswisi nayo ni nchi ya milima iliyojaa rovu zama hizo. Yeye mwenyewe mwaka 1883 alieleza jinsi wagonjwa aliowatoa tezi yote walivyozubaa na kuvimba, akaacha kuitoa yote. Njombe na Bern, nani angedhani.

Mchana nilihamishwa. Mwenye shingo aliyepangwa kwenye kesi fupi hakutokea, sista akaniomba. Kule hakuna mahojiano. Mtahiniwa anaingia, anaambiwa pima shingo hii, dakika chache, aondoke. Walipita wengi. Kila mmoja aliniletea glasi ya maji nimeze, mpaka nikaomba ruhusa ya kwenda msalani katikati ya mtihani wa serikali. Mmoja mikono yake ilikuwa ya baridi kama ametoka Makete. Mmoja alinibana koo nikakohoa, na nikamkumbuka mzee wa Kigogo.

Kwa haki, kesi fupi niliielewa zaidi: shingo moja, wote wanaipima. Ile ndefu ina bahati nasibu ndani yake. Huyu anapewa mwalimu mwenye domo, yule anapewa babu asiyesikia, wa tatu mama anayelia. Nimesikia siku hizi mitihani mingi ya udaktari imehamia kwenye vituo, kengele ikilia mnahama, wote swali lilelile. Ni haki zaidi, hilo nakubali. Ila sijui kwenye kituo cha dakika chache yule wa mtandio wa kijani angevuta kiti saa ngapi.

Jioni tulisaini nauli. Nikamuuliza sista wale wawili wa asubuhi wamepataje. Akasema matokeo ni siri ya bodi ya watahini.

“Mtihani ni mimi, matokeo nisiambiwe?”

“Hata karatasi ya darasa la saba haiambiwi, mwalimu.”

Sikuwa na la kumjibu.

Kliniki iliyofuata nilikwenda na daftari. Daktari wa zamu hiyo, ambaye sikuwahi kumwona, alifungua faili, akaniambia tarehe ya upasuaji imekaribia, kisha akaniuliza kama nina swali, kwa ile sauti ya mtu ambaye mkono wake uko tayari kwenye faili la anayefuata. Nikamwambia nataka nyuzi za sauti ziangaliwe kwanza. Nikamuuliza watatoa tezi yote au nusu, na kalisi yangu itapimwa lini baada ya upasuaji, na nani atanitafutia neva, ya kulia na ya kushoto.

Akaweka kalamu chini. “Mama, wewe ni nesi?”

“Mwalimu,” nikamwambia. “Na naomba uliandike hapo, maana halijaandikwa.”