Jina la Mwenye Dhambi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wasil bin Ataa, aliyezaliwa Madina mwaka 80 Hijria na kufariki mwaka 131 (748), alikuwa na kithembe. Herufi ra haikumtoka sawasawa, na kwa khatibu wa Basra huo haukuwa upungufu mdogo, kwa kuwa ra imejaa kila kona ya Kiarabu. Akaamua kuihama. Ngano hakuiita burr, aliiita qamh. Mvua ikawa ghayth badala ya matar. Imepokewa kuwa alihutubu mbele ya gavana wa Iraq, Abdullah bin Umar bin Abdul-Aziz, hotuba nzima bila ra hata moja.

Mtu huyu aliyepima maneno kwa herufi ndiye aliyeshika suala la jina lililowagawa watu wa zama zake: Mwislamu aliyetenda dhambi kubwa akafa bila kutubu, aitweje? Khawariji walisema kafiri. Murjia walisema muumini. Hasan al-Basri, inapokewa, alisema mnafiki. Wasil akasema fasiki, akaondoka kwenye darasa la Hasan na kuketi penye nguzo nyingine ya msikiti, na wafuasi wake wakaitwa Mu'tazila, waliojitenga. (Wapo wapokezi wanaosema aliyejitenga ni rafiki yake, Amr bin Ubayd.) Kiswahili kimeyarithi majina yote manne, ila fasiki tumelibana likawa karibu na mzinzi tu.

Hoja yake ni hii. Muumini ni jina la sifa, na mwenye kudumu katika dhambi kubwa hastahiki kusifiwa. Kafiri naye ana hukumu zake: hasaliwi jeneza wala hazikwi makaburini mwa Waislamu. Huyu anatamka shahada, anasaliwa, anazikwa nao. Basi yuko daraja iliyo baina ya daraja mbili.

Kwa mambo ya dunia hoja inashika. Inakwama Akhera, ambako makazi ni mawili tu, na Wasil akalazimika kumweka fasiki asiyetubu motoni milele, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko ya kafiri. Ahlus-Sunna walimrejesha kwenye An-Nisaa 4:48, kwamba Allah hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Ibadhi, madhehebu ambayo mizizi yake ni Basra hiyohiyo, walikubali umilele huo lakini jina wakalichagua jingine: kafiri wa neema, yaani mwenye kuzikana neema za Allah, si mshirikina. Mafunzo hayo yanaendelea Oman, na yalifika Unguja.

Lililowakera watu zaidi ni kauli yake juu ya vita vya Ngamia, masahaba walipopigana wao kwa wao, Ali upande mmoja na Talha upande wa pili. Alichukua mfano wa liani (An-Nur 24:6-9): mume anaapa mara 4 kwamba mkewe amezini, ya 5 anajilaani ikiwa ni mwongo; mke naye anaapa mara 4 kuwa mumewe ni mwongo, ya 5 anajitakia ghadhabu ya Allah ikiwa mume ni mkweli. Mmoja wao ni mwongo kwa yakini, lakini kadhi hamjui. Vivyo hivyo, alisema, kundi moja kati ya la Ali na la Talha ni fasiki, wala hatulijui ni lipi. Kwa hiyo Ali na Talha wakitoa ushahidi pamoja, hata juu ya fungu la mboga, haupokelewi. Hapo kipimo kimeharibika: liani ni ya wawili waliogongana kwa kauli moja mbele ya kadhi, na masahaba wale walikhitilafiana kwa ijtihadi, yaani kila mmoja kwa juhudi yake ya kuitafuta haki.

Mtihani wa kuwalazimisha wanazuoni wakiri kuwa Qur'ani imeumbwa, kauli ya Mu'tazila, ulioanzishwa na khalifa al-Ma'mun mwaka 218 Hijria, na ambao Imam Ahmad bin Hanbal alipigwa kwa ajili yake, usibandikwe kwa Wasil. Alikuwa amekufa miaka 87 kabla.

Yake ni haya. Mshairi kipofu Bashar bin Burd, aliyewahi kuisifu hotuba ile, alipomgeuka, Wasil alisema: hakuna wa kumuua kipofu huyu mulhidi? Kama kuua kwa kuvizia kusingekuwa tabia ya wapindukiaji, ningemtumia mtu ampasue tumbo akiwa amelala. Alisema a'ma (kipofu) badala ya dharir, mulhid badala ya kafir, ba'athtu (nilituma) badala ya arsaltu, madhja' (malazi) badala ya firash. Ra zote alizikwepa.