Kumbukumbu ya mradi: koti la sufu la mitumba na jaketi la jinzi

Mezani kuna vipande viwili. Cha kwanza ni koti la suti la kiume, la sufu ya kijivu, lililookotwa kwenye rundo pale soko la Karume, Ilala. Cha pili ni jaketi la jinzi lenye mgongo uliochanika. Cherehani ni Butterfly ya kukanyaga, inayoshona mshono mnyoofu tu, hivyo kila kinachohitaji zigizaga au ovaloku (mshono wa kufunga kingo zisichanuke nyuzi) inabidi kitafutiwe njia nyingine.

Shabaha ya koti la sufu ni kulifanya livalike Dar es Salaam. Suti nyingi zinazofika kwenye marobota zilishonwa kwa nchi za baridi: bitana, yaani kitambaa cha ndani, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, pedi nene mabegani, na tabaka la kukazia kifuani. Kwenye baridi ya Makete au Lushoto ungelivaa lilivyo. Pwani, bitana ya poliesta mgongoni inabana jasho na shati linalowa kabla hujafika kazini.

Kuchagua

Kinachoamua ni mabega. Kiuno kinabanwa, mkono unafupishwa, bitana inatolewa, lakini kupunguza upana wa bega la koti la suti ni kulifumua karibu lote: mkono, pedi, bitana na kola. Pima mgongoni kutoka mshono wa bega moja hadi la pili. Mvaaji wa koti hili ana sentimita 44, koti lina 45, linafaa. Likizidi sentimita 2 kila upande, liache hapohapo hata kama bei ni ya kutupa.

Baada ya mabega, kagua kola ya kifuani. Makoti mengi ya kiwandani yana kitambaa cha kukazia kilichogandishwa kwa gamu. Lililowahi kufuliwa kwa maji ya moto huwa na malengelenge kwenye kola, na hayo hayaondoki. Pasi inayatuliza kidogo, kisha yanarudi. Bana kitambaa chini ya tundu la kifungo cha mwisho, tenganisha cha nje na cha ndani kwa vidole. Ukihisi tabaka la tatu linaloteleza katikati, una koti lililoshonewa kanvasi, yaani kitambaa cha kukazia kisichogandishwa, na hilo halioti malengelenge ya gamu.

Ukifika nyumbani, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe na jivu lake linasagika. Poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu. Jaribio hili ndilo linalopanga joto la pasi: sufu nukta mbili kwenye kirekebisha joto cha pasi, kila mara kupitia kitambaa chenye unyevu. Pasi ikigusa sufu moja kwa moja inaacha mng'ao, hasa juu ya mifuko na mishono.

Kubana kiuno

Fumua pindo la bitana kwanza. Koti la kiwandani mara nyingi lina njia rahisi zaidi: geuza mikono nje-ndani na upapase mshono wa bitana. Mkono mmojawapo una kipande cha sentimita 15 hadi 20 kilichofungwa kwa mshono wa ukingoni, tofauti na mishono mingine. Hapo ndipo koti lilipogeuziwa kiwandani, na kwa kazi ndogo za mkono unaweza kuingilia hapo bila kugusa pindo. Kwa kazi hii pindo ni lazima lifumuliwe, kwa sababu bitana ya mgongo inaondoka.

Mshono wa katikati ya mgongo umeingizwa sentimita 1.5 kila upande pale kiunoni. Kubana kunaanzia sifuri, sentimita 10 chini ya kola, na kurudi sifuri juu ya mpasuo wa nyuma. Ukiteremsha kubana hadi ndani ya mpasuo, mpasuo unaachama mtu akisimama. Mishono miwili ya nyuma ya kwapa imeingizwa sentimita 1 kila upande wa mshono. Jumla ni sentimita 7, na huo karibu ndio mwisho. Ukizidisha, mifuko inahamia nyuma na koti linachanua chini ya kiuno.

Mshono wa ubavuni unaoshughulikiwa ni ule unaounganisha mgongo na kipande cha ubavu; ule wa mbele unaoingia mfukoni usiguswe. Kubana kunaanza sentimita 3 chini ya tundu la mkono. Ukianzia kwenye tundu lenyewe, tundu linapungua, mkono unakuwa mkubwa kuliko mahali pake, na utakesha ukitafuta mikunjo imetoka wapi.

Piga bandi kwanza, yaani mishono ya muda yenye hatua za milimita 5, livaliwe juu ya shati, mvaaji anyooshe mikono mbele. Likikaza mgongoni, rudisha nusu sentimita. Kisha sindano namba 90, uzi wa poliesta, hatua ya milimita 2.5. Tanua mshono kwa pasi ya mvuke. Sufu inafunga vitundu vya uzi wa zamani. Poliesta haifungi, na mara nyingi mstari wa mshono wa zamani una rangi iliyobaki nzito kuliko kitambaa kingine. Ndiyo maana koti la mitumba linapunguzwa tu. Ukinunua dogo kwa matumaini ya kulipanua, umenunua kitambaa.

Bitana nusu

Bitana ya mgongo imekatwa sentimita 5 chini ya usawa wa makwapa, ukingo ukapindwa mara mbili. Sehemu ya juu inabaki kwa sababu mbili: inaficha pedi, na inasaidia koti kuteleza juu ya shati. Bitana ya mbele inabaki yote, kwani nyuma yake kuna vifuko vya mifuko na kingo za kitambaa cha kukazia. Ya mikono nayo inabaki. Wapo wanaoweka kitenge hadi mikononi kwa ajili ya urembo. Pamba inang'ang'ania pamba, na kila ukivaa koti mkono wa shati unapanda hadi kwenye kiwiko. Kitenge kikae kiwiliwilini, mikono iachiwe kitambaa kinachoteleza.

Mishono ya mgongo sasa inaonekana na haina ovaloku, kwa hiyo kila ukingo umevalishwa upapi, yaani utepe wa kitambaa, uliokatwa mshazari, upana sentimita 3. Katikati ya mgongo sentimita 70 mara mbili, mbavu sentimita 45 mara nne: mita 3.2. Mraba wa pamba nyepesi wa sentimita 35 unatoa karibu mita 4. Upapi ukikatwa mnyoofu unajikunja kwenye pinda la kiuno na unaonekana nje kama mfupa. Uliokatwa mshazari unalala.

Pedi zilikuwa na unene wa sentimita 1.5. Kuzitoa kabisa kunashusha bega na kuacha bonde juu ya mkono. Pedi za tabaka zinachambuliwa: ondoa moja, pima, ondoa nyingine. Hizi zimebaki milimita 6. Za sponji iliyoanza kumeguka unga zitupwe, kwani unga huo hupenya hadi nje.

Mikono imepunguzwa sentimita 3 kutoka kwenye pindo, kwa kuwa vifungo vyake ni vya urembo tu na vimehamishwa. Vingekuwa na matundu halisi, kupunguza kungefanyika begani, nami ningetafuta koti jingine. Bitana ya mkono iachiwe kilegevu cha sentimita 1.5 kabla ya kushonwa kwenye pindo. Ikikaza, inavuta mkono juu na pindo linajikunja ndani kila ukikunja kiwiko.

Jaketi la jinzi

Hapa kazi ni fupi. Mkanda wa chini umefumuliwa, mwili umepunguzwa sentimita 7, mkanda utarudi. Mstari wa kukata ulichaguliwa ili kifungo cha mwisho kibaki angalau sentimita 2 juu ya mkanda. Kikiwa karibu zaidi, mguu wa cherehani haupiti.

Mgongo umefunikwa kwa kitenge juu ya jinzi ileile, badala ya kukata jinzi na kuiziba. Kitenge ni chepesi mno kubeba uzito wa jaketi peke yake, kinalegea na kutoa tumbo. Kilifuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, maana pamba mpya inanywea na jinzi iliyokwisha kufuliwa mara nyingi hainywei tena, hivyo kingejikunja chote baada ya kufuliwa mara moja. Nafasi ya mshono ni sentimita 1.5, na ua kubwa la kitenge limewekwa katikati kwa kupimwa kutoka mishono ya pembeni.

Sindano ni namba 100, hatua milimita 3.5. Panapokutana mishono, tabaka zinafika sita au zaidi: mguu wa cherehani unainama, sindano inapinda na kuruka hatua, au inavunjika. Gonga kivuko hicho kwa nyundo juu ya ubao, ingiza kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu ili usimame sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono hadi uvuke.

Vitundu vya uzi wa zamani kwenye mkanda vinaonekana, kwa hiyo mshono wa juu utapita humohumo. Mkanda wenyewe umeuzidi kwa sentimita 4 mzunguko wa mwili uliofupishwa. Utakatwa upande usio na tundu la kifungo, kwani tundu jipya kwenye jinzi Butterfly haiwezi, na kifungo cha chuma kitagongwa upya kwa fundi mwenye mashine yake.