Kaseti Tatu za Mjomba: Nimefika Wapi

Kaseti ni tatu, zote za dakika tisini, na juu yake mjomba aliandika kwa herufi kubwa: BRAZIL 1, BRAZIL 2, BRAZIL 3. Basi. Hakuna jina la mwimbaji wala la wimbo. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwishoni mwa miaka ya themanini meli yao ilikuwa ikienda kupakia kahawa Santos, bandari ya Brazil. Akirudi alifikia kwetu Temeke na mabegi yake: sabuni, mashati ya maua, na kaseti alizorekodi huko kwenye redio na kwenye santuri za watu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyimbo hizo nimeziimba tangu siku hizo hadi leo, jikoni, bafuni, kwenye foleni ya daladala, bila kuelewa hata neno moja la Kireno. Mwaka huu nimeamua mambo mawili: nizihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza, na nijue kila wimbo ni wa nani na unasema nini. Nimehesabu, ziko sitini na saba.

5 Julai

Kazi ya kwanza haikuwa muziki, ilikuwa ufundi. Redio kaseti yangu ilikuwa ikizunguka kama mtu anayevuta miguu. Fundi wa Kariakoo akaifungua, akanionyesha mkanda wa mpira umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Akaweka mwingine, akasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa spiriti na pamba, akanionya nisiache kaseti juani. Nikamwambia hizi zimekaa juu ya kabati miaka thelathini. Akatikisa kichwa tu.

BRAZIL 2 ilikuwa mgonjwa zaidi. Kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe ukutane na hedi kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo sauti inakuja kama mtu anaimba ndani ya pipa. Nikafungua skurubu tano, nikachomoa kisponji cha kaseti ya mafunzo ya Kiingereza, nikapandikiza. Imekubali. Kiingereza kimekufa ili Kireno kiishi.

Baada ya hapo ni waya mmoja kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, programu ya kurekodia sauti ya Audacity ambayo ni ya bure, na subira. Kaseti haina njia ya mkato. Dakika tisini ni dakika tisini.

9 Julai

Programu ya simu inayotambua nyimbo imenijibu "hakuna" mara kumi na moja mfululizo. Nilikaribia kukata tamaa, nikiamini mjomba alirekodi wanamuziki wa mtaani wasiojulikana hata kwao.

Kumbe tatizo ni kasi. Rekodi zangu zinakwenda polepole, na wimbo ukipunguzwa kasi hata kidogo programu hizi huchanganyikiwa. Dawa nimeipata BRAZIL 3, kwenye ule wimbo wa lambada ambao kila aliyekuwa hai mwaka 1990 anaujua. Nimepima urefu wake kwenye kaseti na urefu wa rekodi halisi: wangu umezidi kwa asilimia nne hivi, yaani kwa wimbo wa dakika tatu ni kama sekunde saba. Nikaongeza kasi kwa kiasi hicho hicho kwenye rekodi zote. Waimbaji waliokuwa na sauti za wazee wakarudi kuwa vijana.

Usiku huohuo nimepata majina kumi na tisa. Nimelala saa nane.

13 Julai

Nianze na ule tuliouita "Mashkenada". Jina lake ni "Mas que Nada", wa Jorge Ben, umo kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1963. Lakini wa mjomba si wake, ni ule uliozunguka dunia mwaka 1966, wa Sérgio Mendes na kundi lake la Brasil '66. Mendes mwenyewe aliurudia tena mwaka 2006 pamoja na Black Eyed Peas, ndiyo maana wanangu wanadhani ni wimbo wa zama zao.

Kinachonifurahisha ni huyu dada anayeimba, Lani Hall. Ni Mmarekani wa Chicago, na Kireno alikiimba kwa kukariri sauti. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi Temeke nilikuwa namkariri mtu ambaye naye alikuwa anakariri. Tulikuwa darasa moja.

Na maana yake? Kamusi inaning'ang'aniza maneno matatu yasiyoshikamana. Nimeuliza, nimesoma, nikaishia kwenye tafsiri yangu: "Wapi bwana!" Ile ya mtu anayekataa huku anacheka. Wapi bwana, nipishe nipite, samba imekolea. Hakuna zaidi ya hapo, na wala hapahitajiki zaidi.

14 Julai

Huyohuyo Jorge Ben ndiye aliyenifanya nisumbuke na bisibisi mchana kutwa. Kuna wimbo wake BRAZIL 1, "País Tropical" wa mwaka 1969, ambao kuelekea mwisho maneno yanakatika. Nusu neno, nusu neno, nusu neno. Tangu utoto niliamini redio ilimeza utepe hapo. Leo nimefungua kaseti, nimenyoosha utepe kwa kucha, nimesafisha hedi mara mbili, bado maneno yanakatika.

Ndipo nikasikiliza rekodi safi. Yanakatika vilevile! Ni yeye anayeyakata makusudi, anarudia ubeti uleule akidondosha silabi za mwisho, mchezo tu, kama sisi tulivyokuwa tukisema kwa kinyume ili watu wazima wasituelewe. Miaka yote nimeisingizia redio ya watu.

20 Julai

Lambada. Nimeuacha muda mrefu kwa sababu nilidhani hauna la kunifundisha. Nimekosea.

Kwanza, tuliucheza harusini kwa kukata viuno, na maneno yake ni kilio: aliyekuwa akiniliza zamani, leo kaondoka analia. Pili, muziki wenyewe si wa Brazil. Ni wa Bolivia. Los Kjarkas, kundi la Cochabamba, walitoa "Llorando se fue" mwaka 1981. Mwaka 1986 Márcia Ferreira akauimba kwa Kireno. Mwaka 1989 kundi la Kaoma, lililoundwa Ufaransa, likautoa bila kuwataja wenyewe, ukaenea dunia nzima. Wabolivia wakaenda mahakamani, wakapata haki yao.

Aliyeuimba, Loalwa Braz, alikuwa mwenyeji wa Rio. Aliuawa Januari 2017 huko Saquarema. Nimesoma hilo nikazima kompyuta, sikuendelea siku hiyo.

27 Julai

Kila Jumapili mchana mjomba alikuwa akipiga wimbo mmoja unaoanza kwa sauti za watu watupu, bila gitaa, taratibu, kama kanisani. Jirani yetu Mkatoliki alikuwa akiuliza ng'ambo ya ua, "Hiyo kwaya ya wapi?" Mjomba anajibu, "Ya Brazil, mama." Jirani anaridhika.

Ni "Cálice". Chico Buarque na Gilberto Gil waliutunga mwaka 1973, wakati wanajeshi wanatawala (walishika nchi mwaka 1964 hadi 1985). Unaanza na maneno ya Yesu pale bustanini: Baba, niondolee kikombe hiki. Kikombe ni "cálice". Sasa litamke kwa haraka mbele ya watu, linasikika "cale-se", yaani "nyamaza". Baba, niondolee hili la kunyamazishwa. Wakaguzi wa serikali waliushtukia wakaupiga marufuku, na wawili hao walipojaribu kuuimba jukwaani São Paulo mwaka huohuo, vipaza sauti vilizimwa. Ulitoka kwenye santuri mwaka 1978, Chico akiwa na Milton Nascimento, na ndiyo rekodi ya mjomba.

Mtu aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kuelezwa mara mbili. Fumbo ni fumbo. Mwenye kuimbiwa anajua, mwenye kuimba anajua, na anayetaka kushitaki hana pa kushika. Tofauti ni kwamba sisi kijembe humwendea jirani, wao walimrushia jenerali. Huyo Gil alikuwa ameshafungwa Desemba 1968 pamoja na mwanamuziki mwenzake Caetano Veloso, kisha wakaishi uhamishoni London hadi 1972. Mwaka 2003 akawa waziri wa utamaduni. Dunia hii.

Na jirani, kwa namna yake, alikuwa amesikia vizuri. Ilikuwa sala.

3 Agosti

Kireno kinaingia polepole. Nusu ya vitu vya sebuleni ninavijua tayari: mesa ni meza, bandeira ni bendera, lenço ni leso. Wareno walituachia. Hata nanasi: tulilipata kwao, nao walilikuta Brazil, jina na tunda lake, kwa wenyeji wa huko.

Upande wa pili, Wabrazili wanayo maneno ya Kibantu kutoka Angola ambayo yananichezea akili. Kitinda mimba wanamwita "caçula". Kijana mtukutu ni "moleque". Na "quitanda", ambayo kwa Kimbundu, lugha ya Angola, na kwa Kiswahili chetu inasikika ileile, kwao ni genge la mboga na matunda. Sasa mtu akiniambia ametoka kununua ndizi kitandani, sitashangaa.

10 Agosti

Huu ndio wimbo ambao nadhani mradi mzima niliuanzisha kwa ajili yake.

Mjomba ni mtu wa Kilwa Kivinje. Alikuwa akiapa kwamba kwenye BRAZIL 1, wimbo wa mwisho wa upande A, wanaitaja Kilwa. Wimbo wenyewe ni wa gitaa la umeme na mtu anayefoka, wa kuchezea, wala hauna sura ya kuitaja Kilwa. Mimi na dada yangu tulimcheka. Tulisema mjomba hata wakiimba Wachina atasikia Kilwa. Ikawa methali ya nyumbani, mtu akisikia vibaya anaambiwa, "Wewe nawe umesikia Kilwa."

Simu imeutambua. Ni Jorge Ben tena. Kwanza nikapata rekodi ya mwaka 1974, inaitwa "Zumbi", nikasema siyo, hii ni ya gitaa la kawaida, imetulia. Kumbe aliurudia mwaka 1976 alipohamia gitaa la umeme, ukafunga albamu ya *África Brasil*. Huo ndio wa mjomba.

Nikafungua maneno yake. Unaanza kwa orodha, majina matupu, moja baada ya jingine, ya mahali na mataifa waliyotokea watumwa: Angola, Congo, Benguela, Cabinda, Mina. Na katikati yake, Quiloa.

Quiloa ndivyo Wareno walivyoiandika Kilwa. Imo kwenye barua zao na ramani zao tangu mwanzo. Pedro Álvares Cabral, yuleyule aliyetia nanga Brazil Aprili 1500, aliendelea na safari hiyohiyo akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na Julai alikuwa Kilwa, ambako hawakuelewana na sultani. Msafara mmoja, mwaka mmoja, Brazil kisha Kilwa.

Nimeurudisha mwanzo nikausikiliza kwa maneno mbele ya macho. Ni mnada. Wanasema kuna binti mfalme anauzwa, ameletwa pamoja na watu wake, wamefungwa minyororo kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Huku miwa, huku kahawa, katikati mabwana wamekaa wanatazama pamba nyeupe ikichumwa na mikono myeusi. Kisha mwimbaji anasema anataka kuona itakuwaje Zumbi atakapofika. Zumbi ni kiongozi wa Palmares, ngome ya watumwa waliotoroka kaskazini mashariki mwa Brazil, aliyeuawa tarehe 20 Novemba 1695. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa kwao.

Ninakijua Kivinje. Ninalijua gofu la forodha pale ufukweni, na ninajua misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa inaishia wapi. Meli za kwenda Rio zilipakia zaidi Msumbiji, lakini jina limo, linafokwa, na sisi tulikuwa tunalichezea Temeke tukimcheka mtu wa huko huko.

Sikufanya kingine siku hiyo.

11 Agosti

Nimempigia. Ana miaka sabini na nane, masikio bado mazima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepotea."

Nikamwambia asikilize, nikaiweka simu karibu na spika. Akanyamaza. Lilipopita lile jina akasema, "Hapo. Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha mara tatu.

Nikamweleza yote, mnada, binti mfalme, Cabral. Akasema la mnada alikuwa akilijua, mwenzao mmoja wa Santos alimtafsiria palepale alipokuwa anarekodi. Nikamuuliza mbona hakutuambia. "Mlikuwa mnacheka," akasema. "Na mlikuwa mnacheza vizuri."

Nikamwomba radhi. Akaipokea kama mtu anayelipwa deni alilokwisha kulisahau, kisha akageuza mazungumzo. "Hizo kaseti ukishamaliza nirudishie. Mbili ni zangu. Ile BRAZIL 2 ni ya mpishi wetu wa meli, aliniazima kwa safari moja tu."

Bado nyimbo kumi na nne hazina jina, tisa ziko kwenye BRAZIL 2 upande wa B. Kesho naiendea, na safari hii bisibisi sishiki ovyo. Kumbe ni ya mtu.