Tochi ilizimika katikati ya handaki la Hezekia

Naanza na hili la tochi maana ndo bado linanijia usiku tangu tumerudi. Tulienda hija Yerusalemu 2019, kundi la kanisani kwetu Dodoma, siku kumi, na kiukweli siku saba kati ya hizo ukiniuliza nilifanya nini sina cha kukueleza, ni kupanda basi, kushuka basi, foleni, picha, wali usiokua na nazi wala chumvi, kulala. Ila ile saa moja chini ya ardhi naikumbuka hatua kwa hatua.

Asubuhi hiyo tayari nilikua na hasira na bei. Chupa ndogo ya maji shekeli 10, piga hesabu ni zaidi ya elfu sita ya kwetu, maji ya kunywa tu jamani! Na hapo hapo tukauziwa vitochi vidogo kama vya kuning'iniza kwenye funguo, bei yake sitaki hata kuitaja. Mwongozaji akasema vinatosha kabisa.

Unashuka ngazi nyingi mpaka chemchemi ya Gihoni, alafu unachagua, kuna njia kavu ya zamani za Wakanaani na kuna njia ya maji. Nusu ya kundi wakaenda kavu. Mimi nikaenda ya maji maana nilikua nimeisoma 2 Wafalme 20:20 tangu shule ya Jumapili, kwamba Hezekia, mfalme wa Yuda, alitengeneza birika na mfereji akaingiza maji mjini, na siku zote nilikua naona ni mstari tu wa kumalizia habari za mfalme. Mbele yangu alikua Mama Mkubwa, ndivyo wote tunavyomwita, ana miaka 68, kashika kanga yake juu. Mimi wa mwisho.

Maji yanakuanza mapajani, baridi kweli kweli, baadae yanashuka magotini. Upana ni wa mtu mmoja, mabega yanagusa jiwe huku na huku, kuna sehemu unainama mpaka kiuno kinauma. Na ukuta wote umejaa alama za sululu, unaziona moja moja utadhani mtu kaondoka jana.

Katikati hivi tochi yangu ikafa. Nikaitikisa, nikaibonyeza, wapi. Mama Mkubwa yake nayo ilikua inafifia, na wenzetu wa mbele walishakata kona, maana handaki halijanyooka, linajipinda kama nyoka, hivyo mwanga wa mtu aliye hatua kumi mbele yako huuoni kabisa. Mama akasimama. Akasema, "Mwanangu, mimi hapa sisogei." Nikamwambia, "Mama, nenda tu taratibu, mi nipo nyuma yako." Akasema hapana, pumzi haitoki. Na kumpita siwezi, kurudi nyuma ndo mbali zaidi. Yake nayo ikazimika. Giza lile sijawahi kuliona hata kijijini usiku usio na mwezi, mkono wako mwenyewe huuoni, unasikia maji tu na mtu akihema. Akaanza kuomba kwa Kigogo, pole pole. Mi nikamshika bega, nikawa naitikia amina tu, moyo unanidunda.

Sijui ni dakika ngapi. Alafu tukasikia sauti ya mwongozaji inaita, ila haikutokea mbele, ilikua kama inatoka ndani ya jiwe upande wa kulia. Nikaita. Akaita. Nikamwambia Mama, tuifate hiyo sauti, shika ukuta. Tukawa tunaenda hivyo, anaita, tunaitika, mpaka mwanga.

Tulipotoka mwisho wa handaki, kwenye birika la Siloamu, Mama kakaa kwenye jiwe anakausha miguu, mwongozaji ndo akatuambia habari iliyonifanya nikae chini na mimi. Kwamba 1880 kijana mmoja aliona maandishi ya Kiebrania cha kale yamechongwa ukutani karibu na mdomo wa handaki, mistari sita, na hayamtaji mfalme wala Mungu, yanasimulia kazi tu. Kwamba vikundi viwili vilichimba, kimoja kutoka kila upande, na zilipobaki dhiraa tatu ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake, wakachimba kuelekeana, sululu kwa sululu, wakakutana, maji yakatiririka dhiraa 1,200. Sauti ya mtu akimwita mwenzake! Ndani ya jiwe lile lile!

Nikaomba nikayaone, nikaambiwa yalikatwa wakati nchi ile iko chini ya Waturuki, yapo jumba la makumbusho Istanbul. Iliniuma sana, nimelipa nauli yote ile na jiwe lenyewe liko nchi nyingine.

Na wachimbaji kuanza pande mbili kwa haraka kulikua na sababu. Chemchemi ilikua bondeni, pembeni kabisa, na Senakeribu mfalme wa Ashuru alikua anakuja na jeshi, mwaka 701 KK. Yeye mwenyewe kaandika kwenye udongo wa kuchoma uliopatikana Ninawi kwamba aliteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Anataja talanta 30 za dhahabu alizolipwa, na 2 Wafalme 18 nayo inasema 30 hizo hizo. Ila hasemi popote kwamba aliuteka Yerusalemu. Na plasta ya handaki ilipimwa kitaalamu, majibu yakatoka 2003, ikaangukia karibu mwaka 700 KK.

Mi baba yangu alikua mchimba visima Manyoni. Nikiwa mdogo nilikua nakaa juu na kamba, kazi yangu ni kuita tu, "Baba upo?" na yeye chini anajibu "Nipo!" Siku asipojibu mara ya pili unawaita watu mvute. Nilikua naona ni kazi ya kitoto, nikitamani kwenda kucheza.

Jioni nikampigia, vocha ya huko nayo ni ghali balaa. Nikamsimulia yote, giza, Mama Mkubwa, maandishi. Ya wafalme hakuuliza. Aliuliza mteremko. Nikamwambia handaki lote ni mita 533, na kutoka chemchemi mpaka mwisho limeshuka kama sentimita 30 tu, na maji yanaenda mpaka leo. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Sentimita ngapi?" akauliza.

Nikamwambia tena.

"Na walianzia pande mbili?"

"Pande mbili, baba."

Akamwita mama aje asikie.