Wa Kufundisha ama wa Kuchunga

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Jioni hii nimebaki peke yangu katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, na katika daftari la tatu au la nne nimekutana na maneno ambayo sikuyafundisha mimi. Pembeni mwa swali la logi, kwa penseli, mwanafunzi ameandika: "Fuliza moja." Nimecheka, kisha nikaweka kalamu chini, kwa sababu maneno hayo yana mwenyewe, naye ni binti wa Kidato cha Nne ambaye tangu Februari amekuwa akinisaidia darasani. Wiki chache zijazo ataingia katika chumba cha mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, na hatarudi tena kwetu, nami sijaandika lolote kuhusu mwaka huu tuliofanya kazi pamoja.

Ninafundisha Hisabati katika shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, si mbali na Barabara ya Jogoo. Darasa langu la Kidato cha Pili lina wanafunzi 61. Dawati la watu wawili hukaliwa na watatu, na nikitaka kumfikia aliyeketi kwenye kona ya nyuma ni lazima wanne wainuke wanipishe, wakae, kisha wainuke tena nikirudi. Serikali iliposhikilia kuanzia mwaka 2018 kwamba kila anayemaliza darasa la nane aingie sekondari, ilifanya jambo la haki, na sitaki nieleweke vingine. Ila kuta za shule hazikusogea. Mwaka huu kumetokea kioja kingine. Hatuna Kidato cha Kwanza, kwa maana KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mwaka 2023 na wadogo wao wanafuata mtaala mpya. Vyumba viwili vimebaki vitupu, tumevijaza madawati yaliyovunjika miguu. Chumba cha kugawia darasa langu kipo, mwalimu wa kukiingia ndiye hayupo.

Watoto hawa, basi, ndio vitindamimba wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. Watafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, na wanajua kwamba nyuma yao hakuna darasa la kurudia. Hofu hiyo unaiona wakati wa kusahihisha: mtoto anafuta jibu lililo sawa kwa sababu jirani yake ana jingine.

Ndiyo maana mwezi wa Februari nilimwomba naibu wa mwalimu mkuu anipe mmoja wa viongozi wa wanafunzi wa Kidato cha Nne, vipindi viwili kwa wiki, azunguke kati ya madawati huku nami nikizunguka upande wa pili. Masharti niliyaweka wazi. Hatafundisha somo jipya, hatasahihisha mtihani, na hatakuwa darasani nisipokuwepo. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha, na hata kama ingeruhusu, mzazi alimleta mtoto wake kwangu. Sharti hilo la mwisho nililivunja mwenyewe baadaye, na nitafika huko.

Naibu alinipa kijana anayepata A katika Hisabati tangu aingie shuleni. Alidumu wiki moja. Hakuwa na kiburi, maskini, lakini kila alipokaribia dawati niliona mikono ikifunika madaftari. Akiulizwa swali alitoa jibu, jibu lenyewe kamili, na uso wa mshangao kidogo kwamba kulikuwa na la kuuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia, kwa adabu, kwamba hajui la kuwaeleza, kwa sababu kwake mambo hayo hayakuwahi kuwa magumu. Siku mbili baadaye akaja huyu binti, kiongozi wa maktaba, akasimama mlangoni. "Madam, nimesikia mnatafuta mtu. Mimi niliwahi kupata D katika Kidato cha Pili." Alilisema kama mtu anayeonyesha cheti.

Sasa nieleze habari ya Fuliza, ile huduma ya M-Pesa inayokukopesha kwa simu salio lisipotosha, kisha ikakukata ada. Logi ya namba ni kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kuipata namba hiyo. Ya namba iliyo chini ya 1 tunaiandika kwa sehemu mbili: ile nzima ni hasi na huwekewa kistari juu yake, ile ya desimali hubaki chanya. Logi ya 0.0456, kwa mfano, tunaisoma "baa mbili nukta 6590", na kwa Mswahili jina hilo linatosha kueleza masaibu yanayofuata. Mwanafunzi akiambiwa atafute kipeuo cha tatu cha namba hiyo, ni lazima agawe logi kwa 3, na mbili haigawanyiki kwa 3 bila kubaki. Kanuni ni kugeuza baa mbili iwe baa tatu kujumlisha moja. Nimeifundisha kanuni hiyo kwa miaka 16, kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, na kila mwaka nusu ya darasa hugawa mbili kwa tatu kwa nguvu na kuandika takataka.

Alhamisi moja ya Machi nilimsikia binti akiwaeleza watatu wa dawati la nyuma, kwa Kiswahili cha mtaani, kwa sauti ya chini. Kwa kadiri ninavyokumbuka alisema hivi. Hiyo baa ni deni. Una deni la mbili, na mfukoni una nukta 6590. Deni ni deni na pesa ni pesa, usizichanganye. Mnataka kugawana watu watatu, na hakuna anayetaka deni la nusunusu. Basi fuliza moja. Deni limekuwa tatu, lakini ile moja uliyofuliza haijapotea, imeingia mfukoni, kwa hiyo sasa mfukoni una 1.6590. Gawa. Kila mtu ana deni la moja, na mfukoni 0.5530.

Kijana mmoja akainua macho. "Na Fuliza si inakata?"

Dawati zima likacheka, na madawati mawili ya mbele yake yakageuka. Binti hakubabaika. "Hii ya logi haikati."

Walifungua jedwali la kuirudisha logi iwe namba, wakapata 0.3573, na wa katikati akaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu nyuma ya daftari ili ahakikishe. Mimi nilisimama pale na chaki mkononi. Kipindi kilichofuata nilimwomba aieleze tena mbele ya darasa lote, nami nikaiweka ubaoni kwa alama za kitabu ili wasije wakaandika Fuliza kwenye karatasi ya mtihani. Baadaye nilipata kujua kwamba mama yake anauza mboga mtaani, na kwamba daftari la wanaokopa sukuma wiki na nyanya hadi mwisho wa mwezi huandikwa na binti. Mtu aliyezoea safu mbili, ya walio na deni na ya walicholipa, hawezi kuzichanganya.

Jambo hili halikuwa geni kwangu, nilikuwa nimelisahau tu. Nilikulia Majengo, Pumwani, na katika madrasa yetu watoto tulikuwa wengi kuliko masikio ya ustadhi. Waliokuwa wakitusikiliza wadogo ni wasichana wakubwa, waliokwisha kupita juzuu tulizokuwa nazo. Aliyenisikiliza mimi alikuwa akitanguliza kidole kwenye msahafu, kidole kinafika mahali pa kukwama kabla yangu, kinatulia hapo na kunisubiri. Alipajua mahali hapo kwa sababu alikwama papo hapo mwaka uliotangulia. Ustadhi alijua Kurani nzima, lakini alikwisha kusahau ilivyo kutoijua. Na mimi logi nimekwisha kusahau ilivyo kutoijua. Kijana wa A hakuwahi kuwa na cha kusahau.

Nifike sasa kwenye kosa langu. Mwezi wa Juni, kipindi kikiendelea, niliitwa ofisini kwa jambo la fedha za wanafunzi ambalo halikuweza kungoja. Niliondoka darasani kwa takriban dakika 25, na nikiwa mlangoni nikamwambia binti maneno yanayomtoka kila mwalimu wa nchi hii bila kufikiri: "Niandikie majina ya wanaopiga kelele." Niliporudi alinikabidhi karatasi yenye majina sita, yameandikwa kwa mwandiko mzuri, mmoja chini ya mwingine. Niliipitisha kwa mwalimu wa zamu. Siku iliyofuata sita hao walisugua korido ya maabara saa ya chakula cha mchana, huku wenzao wakipita na sahani.

Kabla ya hapo, wanafunzi kumi au kumi na wawili wa Kidato cha Pili walikuwa wakimfuata maktaba kila mchana na madaftari yao. Wiki ile hakwenda hata mmoja. Darasani mikono ilianza tena kufunika kurasa, kama enzi za kijana wa A, na nyuma kabisa nilisikia mtu akimwita "askari" kwa mnong'ono. Jumatatu alinijia na maswali yake ya Kidato cha Nne, na tulipomaliza akabaki amesimama. "Madam, mimi ni wa kufundisha ama wa kuchunga?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilipokuwa Kidato cha Pili mwenyewe, mwaka 1999, viranja wanne wa shule moja ya wavulana huko Nyeri waliteketezwa kwa moto na wanafunzi wenzao walipokuwa wamelala katika chumba chao. Nakumbuka kiranja wetu wa bweni alivyohamishia godoro lake katikati yetu juma lile, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, shule zikaanza kuacha kuteua viranja na kuwaachia wanafunzi wawachague viongozi wao. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wao kiti katika bodi ya shule. Hayo ni mabadiliko makubwa, na ninayaheshimu. Lakini huku chini tulibadilisha jina la mtu na njia ya kumpata, kazi tukamwachia ileile. Kiongozi wa wanafunzi katika shule nyingi ninazozifahamu bado ni jicho la mwalimu lililovaa sare. Mimi nilidhani nimempa binti huyu kazi nyingine, na ilinichukua dakika 25 kumrudisha kwenye ile ya zamani.

Nilienda mbele ya Kidato cha Pili nikasema kwamba karatasi ile ilikuwa amri yangu, wala haikuwa shauri lake, na kwamba hataandika jina la mtu tena. Nilitarajia mambo yatengemae palepale. Hayakutengemaa. Wa kwanza kurudi maktaba alikuwa mmoja wa wale sita, mwezi wa Julai, na nasikia alirudi kwa sababu mtihani ulikuwa kesho yake, msamaha haukuwemo. Wengine wakafuata polepole, lakini hawakufika kumi na wawili tena.

Julai hiyohiyo mama yake alikuja shuleni. Alingoja kwenye benchi nje ya ofisi akiwa na kikapu kitupu, ametoka sokoni alfajiri. Baada ya salamu hakuzunguka. "Mwalimu, mtoto wangu ananiambia anasaidia wadogo. Ni vizuri. Sasa yeye anasoma saa ngapi?"

Nilimwambia kwamba anayemweleza mwenzake huelewa zaidi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba Hisabati yake imepanda. Mama akatoa matokeo ya mtihani wa majaribio kutoka katika leso, akayakunjua juu ya goti lake, na kuweka kidole kwenye Kemia. Ilikuwa imeshuka kutoka B hadi C. Sijui kama vipindi vyangu viwili ndivyo vilivyoishusha, kwani mwalimu wao wa Kemia alikuwa amehamishwa mwezi wa Mei na mbadala akachelewa, lakini sikuthubutu kulisema hilo kwa sauti ya mtu anayejitetea. Mama alikuwa na haki. Msaada ule ulikuwa ukiziba pengo la mwalimu ambaye shule haina, na kodi yake ilikuwa ikilipwa na mtahiniwa. Tukakubaliana: kipindi kimoja kwa wiki badala ya viwili, na maktaba mchana ahudhurie akipenda. Tangu Agosti hadi leo imekuwa hivyo. Jumanne anakuja, Alhamisi ninazunguka peke yangu na wanne wanainuka kunipisha.

Mwaka ujao watoto hawa watakuwa Kidato cha Tatu, na nimeanza kutafuta wa kushika nafasi yake. Juzi niliwasilisha ombi kwa naibu. Aliniletea orodha ya viongozi watatu wa Kidato cha Tatu cha sasa, wote wa A na A kuondoa, vijana safi ambao sina neno nao. Niliirudisha na kijikaratasi nikiomba nione pia majina ya waliopata D katika Kidato cha Pili na sasa wako C au B. Mchana huu tulikutana kwenye ngazi. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani amesoma vibaya, kama ni kweli nataka mwanafunzi wa D aje kumsaidia mwalimu.

Nikamwambia ni kweli, ila asiwe wa kuandika majina. Akatikisa kichwa, akasema atanitafutia Jumatatu.