Kioo cha kupinda: pima tao baada ya vigae, si kabla

Chukua bati bapa na bati la mawimbi la geji ileile, uyakanyage. Moja litalegea, jingine litakubeba. Kioo kilichopindwa kina tabia hiyo: umbo lenyewe linakiongezea ugumu, ndiyo maana kinapendeza kama kizuizi cha ngazi au ukuta wa chumba cha mikutano bila nguzo za chuma kila baada ya hatua.

Lakini hakina msamaha. Tanuri hukipasha joto kupita 600°C, kikakunjwa kufuata umbo, kisha hewa ikakipoza ghafla ili kikaze. Kikishakazwa hakikatwi wala hakitobolewi. Ukikigusa na drili kinamwagika chote chembechembe. Kila shimo la bolti lazima liwe kwenye mchoro wa oda.

Kwa hiyo usimpe mwenye kiwanda nusukipenyo kilichoandikwa na msanifu. Zege halisomi mchoro. Subiri vigae vilale, kisha vuta uzi kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine. Pima urefu wa uzi, halafu kimo cha tao katikati yake. Zidisha urefu kwa urefu, gawanya kwa (kimo × 8), kisha ongeza nusu ya kimo. Uzi wa 1,200 mm na kimo cha 100 mm vinatoa nusukipenyo cha 1,850 mm. Tepu ikiteleza 5 mm tu, kimo kikasoma 105, jibu linashuka hadi takriban 1,767. Kioo hicho kitaachana katikati na mfereji wa alumini unaokishika chini, na hakuna fundi atakayekibembeleza kirudi.

Kata kiolezo cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), kilaze sakafuni, uandike juu yake upande wa ndani ni upi. Eleza pia nusukipenyo ni cha uso gani. Kwa kioo cha tabaka mbili za 10 mm zenye utando wa plastiki wa 1.52 mm kati yake, uso wa ndani na wa nje vinapishana zaidi ya 21 mm. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu hesabu zote zinaonekana sawa.

Jambo jingine: kioo kilichokazwa huelekea kunyooka kidogo karibu na ukingo. Paneli mbili zikikutana katikati ya tao, zinaweza kutoa pembe kama mdomo wa ndege. Panga maungio yaangukie pale tao linapoishia na ukuta mnyoofu kuanza.

Uzito ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Paneli ya tao hilo, ya tabaka mbili za 10 mm, inayosimama mita 1.1 kwenda juu, inakaribia kilo 70. Vikombe vya kunyonya vipana na vigumu huvuja hewa kwenye mkunjo. Tumia vidogo vya mpira laini. Mferejini kioo kikae juu ya vipande viwili vya mpira mgumu, robo ya urefu kutoka kila ncha, kisiguse chuma popote. Silikoni yenye harufu ya siki iache dukani, kwa kuwa inashambulia ukingo wa utando na kuacha weupe na mapovu. Maji ya kudeki yanayotuama mferejini hufanya vilevile, kwa hiyo toboa njia ya kuyatoa.

Sasa tuje Nairobi. Ofisi nyingi za Westlands na Upper Hill hutaka vioo viwili vyenye hewa iliyofungiwa katikati ili kuzuia kelele. Vikifungwa kiwandani usawa wa bahari, kisha vikapanda kutoka Mombasa hadi karibu mita 1,800, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua kwa takriban moja ya tano na ile ya ndani inasukuma. Kioo bapa hutuna kidogo na kupunguza mkazo. Kilichopinda ni kigumu, hakituni, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye gundi ya ukingoni. Ikiachia, unyevu unaingia na ukungu unatanda ndani, mahali pasipofika kitambaa. Wakati wa kuagiza, taja mwinuko wa saiti na uombe kijimrija chembamba cha kupumulia, kinachozibwa kioo kikishafika juu na hewa kulingana.