Kumbukumbu ya mradi wangu: mkaa mbadala kutokana na mabaki ya Muheza

Januari, kiangazi

Mradi huu una lengo moja, nami nimelifanya finyu kwa makusudi: kutengeneza mkaa wa kupikia kwa mabaki ya mimea badala ya miti iliyokatwa, kwa vifaa vinavyopatikana gereji na sokoni, na kuandika vipimo vya kila hatua ili mwingine aweze kuirudia. Muheza, mkoani Tanga, panafaa kwa kazi hii. Minazi imesambaa kuanzia huku hadi Pangani, mahindi hushuka kutoka Handeni, mpunga hukobolewa Korogwe na Mombo, na wapasuaji wa mbao wanaochukua mitiki ya shamba la miti la Longuza huacha marundo ya vumbi la mbao nyuma ya mashine zao.

Mabaki mawili nimeyaweka kando tangu mwanzo, ingawa ndiyo yanayoonekana zaidi machoni. La kwanza ni mkonge, ambao nyuzi zake hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mabaki ya namna hiyo hufaa kuvundikwa yatoe gesi, jambo ambalo pale Hale limekwisha kufanyika kwa mtambo wa kuzalisha umeme. La pili ni maganda ya machungwa, yanayojaa kila msimu kando ya barabara kuu. Kukausha maji ya kilo moja kutoka kwenye ganda hula takribani megajuli 2.6 za joto kabla tanuri halijaanza kazi yake, tena mafuta yaliyomo kwenye ganda hilo huwasumbua hata vijidudu wanaotengeneza gesi. Machungwa, basi, nimewaachia wenye ng'ombe na wenye mboji.

Kabla ya kununua hata pipa moja nilizunguka kuuliza kila aina ya mabaki ina mwenyewe nani. Hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya miradi ya namna hii huliruka, kwa kuwa huanza na neno «taka» na kudhani kwamba taka haina mwenyewe. Vifuu vya nazi, kwa mfano, ndivyo vinavyokausha mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa: mkausha mbata huchoma vifuu na makumbi ya nazi zilezile alizozivunja, na kinachobaki ni kile tu kilichozidi mahitaji ya tanuri lake. Magunzi ya mahindi ni kuni za nyumba nyingi hadi Machi au Aprili. Pumba za mpunga huchukuliwa na wachoma matofali. Maranda, yaani vipande vyembamba vinavyotoka kwenye randa, hununuliwa na wafugaji wa kuku kwa ajili ya matandiko ya banda. Vitu viwili tu nilivikuta havina mdai: vumbi laini la mbao, ambalo wafugaji hulikataa kwa sababu huwaingia vifaranga puani, na chenga za mkaa zinazobaki chini ya magunia ya wauza mkaa. Vifuu vya mama wa nyumbani na wauza tui vipo pia, lakini vimetawanyika, kifuu kimoja huku na viwili kule.

Februari, tanuri

Nimechagua tanuri la pipa lililolazwa. Pipa la chuma la lita 200, lenye mfuniko unaobanwa kwa pete na kuzibwa kwa udongo, linalala juu ya meko ya matofali. Bomba la chuma limechomelewa ubavuni mwake, linashuka na kupita chini ya pipa lenyewe, na upande wake wa chini limetobolewa matundu madogo. Mabaki yanayochomwa hayakutani na moto wala na hewa. Yanapopata joto hutoa moshi, moshi huo hulazimika kupita kwenye bomba na kutokea katikati ya moto, nao huwaka. Katika tanuri la udongo moshi huo, wenye lami, asidi asetiki, methanoli, metani na kaboni monoksaidi, hupotea hewani pamoja na macho na mapafu ya mchomaji.

Nimeingiza waya wa kupimia joto kupitia tundu la mfuniko, na mwenendo wake sasa naufahamu vizuri. Hadi nyuzi joto 150 hivi za Selsiasi kinachotoka ni mvuke mzito mweupe usiowaka, na hapo ndipo makuti makavu ya kuwashia hutumika kwa wingi. Kuanzia karibu nyuzi 200 hemiselulosi, mojawapo ya vitu vinavyojenga mmea, huanza kuvunjika na moshi hugeuka rangi ya manjano. Zikikaribia 280, mabaki huanza kutoa joto yenyewe, ndimi za moto hutokeza kwenye matundu ya bomba kwa mvumo unaosikika, na kuanzia hapo siongezi kuni tena. Ndimi hizo zikififia na waya ukisoma kati ya 430 na 480, naziba mdomo wa bomba kwa udongo na kuliacha pipa lipoe hadi kesho yake. Kuna tahadhari moja ambayo haina mjadala: mkaa uliotoka kwenye tanuri haujazi gunia siku hiyohiyo. Mkaa mpya hufyonza oksijeni ya hewa na kupata joto, na ukirundikwa mapema unaweza kujiwasha ndani ya stoo, kwa hiyo huutandaza nje kwa saa 24.

Vifuu vikavu kilo 40 hunipa mkaa wa kilo 11 hadi 12. Nikihesabu pia makuti yanayoingia mekoni, kama kilo 8, mavuno halisi hukaribia robo ya kila kilichotumika, na hiyo ndiyo namba ninayoiandika daftarini, kwa sababu namba inayosahau kuni za kuwashia humpendeza mwandishi lakini haimsaidii atakayejenga. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kati ya asilimia 10 na 20, kutegemea ustadi wa mchomaji na ukavu wa gogo.

Vumbi la mbao ndilo lililohitaji fikra zaidi. Hujishindilia lenyewe, hewa na moshi havipenyi, na kwa kuwa ni kizuizi kizuri cha joto, ubavu wa pipa huwa mkaa tayari ilhali kiini bado ni kahawia. Dawa niliyotumia ni kusimamisha bomba lililotobolewa katikati ya pipa kabla ya kulijaza, na kuchanganya vumbi na magunzi yaliyovunjwa ili pawe na nafasi za kupitisha moshi. Theluthi moja ya magunzi kwa ujazo imetosha.

Machi, majivu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ubora wa mkaa mbadala huamuliwa hapa kuliko kwenye mashine ya kushindilia mkaa uliosagwa kuwa vitofali, ambayo ndiyo kila mgeni huomba kuonyeshwa kwanza.

Majivu hayachomeki wala hayageuki moshi. Mabaki yanapopoteza robo tatu ya uzito wake tanurini, majivu yote hubaki ndani ya robo iliyosalia. Vifuu vina majivu yasiyofika asilimia 1, hivyo mkaa wake huwa na asilimia 3 hivi. Magunzi yana asilimia 2 au zaidi kidogo, na mkaa wake hukaribia 7 au 8. Pumba za mpunga zina takribani asilimia 20, nyingi yake ikiwa silika, madini yaleyale ya mchanga: kilo 100 za pumba zikitoa kilo 40 za mkaa, kilo 20 kati ya hizo ni majivu matupu. Mpishi anayenunua mkaa wa aina hiyo hubeba nusu ya mzigo ambayo haitamchemshia kitu, na ganda la majivu hulifunika kaa lisipate hewa hadi lizimike likiwa na moyo mweusi. Ndiyo maana nimeziacha pumba kwa wachoma matofali bila majuto. Kwa sababu hiyohiyo siongezi udongo kwenye mchanganyiko. Udongo mfinyanzi kidogo husaidia kushikanisha na kupunguza kasi ya kuwaka, lakini kuna wanaouzidisha kwa ajili ya uzito wa mizani, na mnunuzi hugundua akiwa ameshafika nyumbani.

Chenga za wauza mkaa nazo zina jambo lake. Zimechanganyika na mchanga wa sakafuni, na mchanga kwa mpishi ni sawa na majivu. Huzitia kwenye ndoo ya maji. Mchanga huzama, sehemu kubwa ya chenga huelea, nami huzikusanya juu kwa chekeche.

Aprili na Mei, masika

Mkaa uliosagwa na kuchekechwa haujishikanishi wenyewe hata ukishindiliwa kwa nguvu, kwa sababu lignini, ambayo ndiyo gundi ya asili ya mbao, imeshavunjika tanurini. Gundi yangu ni uji wa muhogo: unga sehemu 1 kwa maji sehemu 10, ukorogwe kwenye moto hadi upite nyuzi 70 na uanze kung'aa. Nimepanga kutumia unga usiozidi kilo 5 kwa kila kilo 100 za mkaa. Ukipungua sana, vitofali huvunjika kwenye gunia. Ukizidi, hutoa moshi na harufu ya uji ulioungua dakika za mwanzo, tena ni chakula kinachochomwa. Nimejaribu pia maji mazito yaliyochemshwa na maganda ya muhogo, ambayo bado yana wanga. Yanashika, ila inabidi kuyachemsha muda mrefu na kuyapunguza maji, na kuni zinazotumika hapo karibu zifute faida yake. Nitaendelea na unga.

Mashine ni kinu cha kusagia nyama cha mkono, kikubwa, kilichoondolewa kisu na kuwekewa mdomo wa bomba wenye chuma katikati ili kitofali kitoke na tundu. Tundu hilo lina kazi: hewa hupanda ndani yake na kitofali huwaka kutoka pande mbili.

Masika ya Muheza hayana huruma na kitu kinachohitaji jua. Kitofali kibichi kina maji zaidi ya theluthi ya uzito wake, na hakifai kuuzwa kabla hakijashuka chini ya asilimia 10. Kwa kuwa wanga hurudi kuwa uji ukilowa, manyunyu ya usiku mmoja hugeuza kazi ya wiki kuwa tope. Nimejenga vichanja vya matete chini ya turubai jeupe linalopitisha mwanga, pande mbili zikiwa wazi, na kila siku napima vitofali vilevile vichache kwenye mizani hadi uzito wao usibadilike tena. Wakati wa kiangazi siku tatu au nne hutosha. Msimu huu ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na uwezo wa mradi mzima unapimwa kwa eneo la vichanja, wala si kwa kinu.

Juni, jikoni

Kuchemsha lita 5 za maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji megajuli 1.6 hivi. Jiko banifu la kawaida likiingiza robo ya joto kwenye sufuria, mkaa mzuri wa miti wenye megajuli 29 kwa kilo utatumika gramu 220 hivi. Vitofali vyangu vya vifuu na mbao vilikula karibu gramu 260 kwa kazi hiyohiyo, kiasi kinacholingana na gundi, unyevu na majivu yaliyomo, kwa hiyo hesabu na jiko vimekubaliana.

Mama lishe mmoja wa karibu na stendi alivitumia kwa wiki kadhaa kisha akanipa hukumu yake bila kupepesa: «Mwanangu, huu ni mkaa wa maharage, si wa chapati.» Ana haki. Vinachelewa kushika moto, havirushi cheche, na vikishika hukaa na joto la wastani kwa muda mrefu. Vinafaa kwa maharage, makande na supu, lakini chapati inataka moto wa haraka unaopanda na kushuka. Sasa huanza na kiganja cha mkaa wa kawaida chini, akavipanga vitofali juu.

Kila gunia ninalompa mtu naliambatanisha na onyo lilelile. Mkaa huu hautoi moshi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye kaa linalowaka, haina rangi wala harufu. Nina wateja wenye ndugu Lushoto, ambako usiku wa Juni watu huingiza jiko chumbani kwa ajili ya baridi, na mkaa wa kifuu huua sawasawa na mkaa wa mti.

Agosti

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kabla yake serikali ilikwishazipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku hadi Januari 31, 2024 kuacha kuni na mkaa. Ndiyo maana mwezi huu mtunza stoo wa shule moja alikuja kuuliza kama naweza kuwahudumia kwa mkaa usiotokana na miti. Tulikaa na daftari. Tukichukulia gramu 150 za mkaa kwa mwanafunzi, wanafunzi 400 wanahitaji kilo 60 kwa siku, nazo zinatokana na zaidi ya kilo 200 za mabaki makavu, yaani tani moja na ushei kwa siku tano za masomo. Pipa langu, likipakiwa leo na kufunguliwa kesho, halitoi hata robo ya hizo. Mapipa yanaweza kuongezwa; vifuu haviwezi kuongezwa kwa kuchomelea chuma, na gari la kuzunguka kuokota kifuu kimoja kimoja litaunguza dizeli ambayo mradi ulikusudia kuiepuka.

Nimemjibu kwamba kwa sasa naweza kuwapa mkaa wa kupikia maharage siku mbili kwa wiki, na kwa kazi nyingine waangalie gesi. Kwa upande wangu, vumbi la mbao ndilo litakalokuwa nguzo ya mradi, kwa kuwa liko mahali pamoja na mwenye mashine anafurahi likiondolewa. Magunzi yatabaki kuwa ya kulegeza vumbi tanurini, na vifuu vitaingia kadiri vinavyopatikana ili kupandisha ubora. Pipa la pili litajengwa hukohuko penye mashine ya mbao, vumbi lisisafirishwe kabla halijapoteza robo tatu ya uzito wake. Mwenye mashine amekubali, kwa sharti kwamba meko yakae mbali na stoo ya mbao na kwamba moto usiwashwe siku za upepo.